Kuvua Trauti Ukiwa Ndani ya Mto: Maandalizi na Usalama katika Mito ya Mlima Kenya na Aberdare

Trauti, samaki wa maji baridi, hukaa mahali ambapo mvuvi wa ukingoni hapati nafasi. Mito ya Aberdare na Mlima Kenya ni myembamba, imezungukwa na mianzi, vichaka na matawi yanayoinama hadi majini, na ukijaribu kurusha mshipi ukiwa nchi kavu, ndoano inaishia mtini nyuma yako. Ndiyo maana tangu Ewart Grogan alipowaleta trauti na kuwaachilia katika mto Gura mwaka 1905, uvuvi huu umekuwa wa kuingia majini. Unasimama ndani ya mto, uso ukitazama kule maji yanakotoka, na unarusha kwenye uwazi pekee uliopo, yaani juu ya mto wenyewe.

Kuna sababu mbili za kuvua ukipanda na mto badala ya kushuka nao. Ya kwanza inajulikana na kila mvuvi: trauti hulala akitazama juu, akisubiri chakula kiletwe na mkondo, kwa hiyo ukimjia kwa nyuma hakuoni. Ya pili ndiyo ninayoitilia mkazo kwa wanaoanza. Ukipanda na mto, maji yaliyo chini yako ni maji uliyokwisha kuyapita. Ukiteleza na kuchukuliwa, unapelekwa mahali unapopajua: unajua kilindi kiko wapi, mti ulioanguka uko wapi, na changarawe za kutokea ziko upande gani. Anayevua akishuka huangukia kwenye mto ambao hajauona.

Chagua mto kwa urefu wa ardhi

Mto mmoja una sura nyingi. Chukua Thiba. Unaanzia kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kenya, ukipita msituni ukiwa baridi na maangavu, na huko ndiko kwenye kambi ya zamani ya wavuvi wa trauti. Ukishuka unapita mashamba ya chai, kisha kahawa, kisha unafika Mwea ambako maji yake yanalisha mpunga. Mwea ni eneo linalojulikana kwa kichocho cha tumbo, kwa sababu konokono wanaobeba vimelea hupenda maji ya vuguvugu yaendayo polepole kwenye mifereji. Endelea chini zaidi na mto unaingia bwawa la Kamburu kwenye Tana, kwenye viboko na mamba. Jina ni lile lile kutoka juu hadi chini, lakini mahali pa kuingia kwa miguu ni sehemu ya juu tu.

Kanuni yangu ni rahisi: juu ya chai ninaingia, chini ya chai ninavua nikiwa ukingoni. Upande wa Nanyuki na Naro Moru, ambako hakuna chai, mpaka ni ukingo wa msitu. Si kwamba mpaka huo umechorwa na mtu. Ni kwamba juu yake maji huwa baridi, ya kasi na ya mawe, hali ambayo konokono wa kichocho hawaimudu na mamba hawaitaki. Kama tayari umeshaingia kwenye maji ya chini, nenda kituo cha afya wiki sita hadi nane baadaye ukapimwe, na uwaambie wazi ulisimama kwenye maji ya wapi. Dawa yake, praziquantel, inafanya kazi vizuri.

Na kwenye mito ya mamba, hata ukingoni, usisimame kwenye mdomo wa maji. Rudi nyuma mita kadhaa, usivue mahali pamoja kwa muda mrefu, na usisafishie samaki hapo.

Msimu, saa na vibali

Miezi mizuri ni Januari na Februari, halafu Juni hadi Septemba. Kuanzia Machi hadi Mei mvua ndefu hufanya mito hii iwe ya rangi ya udongo na yenye nguvu isiyo na mchezo. Oktoba hadi Desemba mvua fupi huleta hali kama hiyo, ingawa hapa na pale utapata siku kadhaa za maji safi. Kati ya Juni na Agosti hakuna mvua nyingi lakini kuna ukungu na baridi, na baridi tutairudia.

Saa ya kuingia ina uzito kuliko mwezi. Milimani asubuhi huwa kweupe, mawingu yanakusanyika kuanzia saa sita, na mvua hunyesha alasiri. Anza saa kumi na mbili au saa moja asubuhi, na upange kuwa umetoka majini kufikia saa nane mchana. Anayeanza saa saba kwa sababu gari lilichelewa Nyeri amejiwekea mtego: atakuwa katikati ya mto saa ile ile ambayo mvua ya juu inateremka.

Vibali: unahitaji leseni ya uvuvi wa trauti kutoka idara ya uvuvi, na juu yake ruhusa ya mahali. Ndani ya msitu wa hifadhi ni KFS, shirika la misitu, ndani ya mbuga ni KWS, shirika la wanyamapori. Katika mito ya trauti hairuhusiwi kuvua kwa minyoo wala nyavu, ni flai pekee, yaani ndoano iliyopambwa ifanane na mdudu. Watu huona vibali kama usumbufu wa pesa, lakini kwenye geti ndipo utakapopata askari wa msitu wa kukusindikiza, ndipo utakapoambiwa tembo wamelala wapi jana, na ndipo jina lako litakapoandikwa kitabuni ili mtu ajue kuwa hujatoka.

Kabla ya kuondoka, mwachie mtu mmoja nyumbani mambo matatu kwa maandishi: mto gani na umeingilia wapi, uko na nani, na saa ngapi aanze kupiga simu asipokusikia. Mtandao bondeni haupo. Simu yako ndani ya mfuko usiopenya maji ni kwa ajili ya kupanda nayo mlimani na kupiga: 999 au 112 kwa polisi, 1199 kwa Msalaba Mwekundu wa Kenya. Usiende peke yako. Hili silijadili.

Unachovaa na unachobeba

Anza na miguu. Mawe ya mito hii yamevikwa ute wa mwani usioonekana, na wengi wanaoanguka hawaangushwi na nguvu ya maji bali na jiwe moja lenye utelezi. Viatu bora ni vile vya kuvulia vyenye soli ya felti, yaani nyuzi zilizogandamizwa, au soli ya mpira iliyopigwa vichwa vya chuma. Bei yake inauma, na mjini si kila duka linavyo. Mbadala unaofanya kazi ni buti nyepesi za kufunga kamba, zinazoshika kifundo cha mguu, halafu fundi viatu akubandikie na kushonea chini kipande cha zulia gumu la nyuzi. Zulia hilo litachakaa baada ya msimu, unabandika jingine. Ndani vaa soksi nene za sufu.

Gambuti iache nyumbani. Soli yake ni laini, haifungiki, na ikishajaa maji kila mguu unakuwa ndoo. Ndala na sandali za akala ni mbaya zaidi: zinavuka mguuni kwa hatua ya kwanza na vidole vinabaki wazi kati ya mawe.

Kuhusu weda, ile suruali isiyopenya maji inayofika kifuani, kuna hofu moja ya zamani inayostahili kusahihishwa. Watu husema ikijaa maji itakuvuta hadi chini. Haiwezi. Maji yaliyo ndani yana uzito ule ule wa maji yaliyo nje, kwa hiyo ukiwa majini hayakuzamishi. Shida yake ni nyingine: ikijaa huwezi kupiga miguu vizuri, na ukifika ukingoni huwezi kujiinua kwa sababu sasa unabeba lita nyingi juu ya nchi kavu. Dawa ni mkanda. Vaa mkanda juu ya weda, kiunoni au juu kidogo, na uukaze kweli, si kwa urembo. Mkanda uliokazwa hupunguza sana maji yanayoingia na huhifadhi hewa miguuni. Asiye na mkanda asivae weda.

Bila weda pia inawezekana, na wengi wetu hufanya hivyo miezi ya jua: suruali nyepesi inayokauka haraka, soksi za sufu, buti. Usivae jinzi. Jinzi ikilowa ni nzito, inabana magoti, na haikauki hadi kesho yake. Juu vaa nguo za sufu au fulana za michezo, si pamba.

Kisha fimbo. Simaanishi ya kuvulia, namaanisha mkongojo. Ukate au ununue ulionyooka, mgumu, unaofika kwapani, usiopinda ukiuegemea kwa uzito wako wote. Mpini wa jembe uliorefushwa, mti mkavu wa mkalitusi, hata mwanzi mnene uliokomaa, vyote vinafaa. Toboa juu, pitisha kamba fupi na uifunge kwenye mkanda kwa fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja, ili uuachie ukitaka kurusha na uuvue ukinaswa. Mtu mwenye mkongojo ana miguu mitatu, na katika maji yaendayo kasi mguu wa tatu ndio unaokuruhusu kuinua mmoja wa hiyo miwili.

Miwani ya polaroidi si ya mapambo. Inaondoa mng'ao juu ya maji ili uone chini, na inalinda jicho dhidi ya ndoano inayorudi na upepo. Kofia yenye ukingo hufanya kazi hiyo hiyo kwa kichwa na masikio. Jaketi okozi nyembamba, ile inayovaliwa chini ya kizibao cha uvuvi, ninaishauri kwa kila asiyejua kuogelea na kwa kila anayeingia mto mkubwa kama Gura, Mathioya au Sagana. Wengine watacheka, waache wacheke.

Mkobani, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili: seti nzima ya nguo kavu, kiberiti, filimbi, bandeji, koleo dogo, tochi, vitu vitamu, na chupa ya chai ya moto. Kamba ya mita 15 hivi inayoelea ibebwe na mmoja wenu, na ikae juu ya mkoba, si chini yake.

Dakika kumi za ukingoni

Ukifika, usiingie. Kaa chini ukingoni, funga ndoano yako taratibu, na wakati huo utazame mto.

Tazama kwanza mahali pa kutokea kabla ya mahali pa kuingilia. Kama ukingo wa pili ni ukuta wa mwamba au kichaka kisichopenyeka, hata kivuko kiwe chepesi vipi, hakikufai. Tazama mita hamsini chini yako: kuna nini? Kidimbwi kipana chenye changarawe ni jirani mwema. Maporomoko, mti uliolala majini, au korongo jembamba la mawe ni sababu ya kutafuta mahali pengine. Gura na matawi yake yana maporomoko mengi, na juu ya maporomoko hakuna kuingia, hata maji yakiwa ya kifundoni.

Uliza pia nini kimejengwa juu yako. Mito kadhaa ya eneo hili ina vidakio vya maji ya mijini na mitambo midogo ya umeme ya viwanda vya chai, kama ule wa Gura, na lango likifunguliwa au mtambo ukisimama, maji yanaweza kubadilika chini yake bila tone la mvua. Vizuizi vyenyewe usivikaribie kwa chini: maji yanayoruka ukuta mfupi huzunguka papo hapo yakirudi nyuma, na aliyenaswa humo hawezi kutoka kwa nguvu zake.

Halafu pima kasi. Tupa jani kavu, hesabu sekunde linazochukua kusafiri hatua kumi kubwa, takriban mita kumi. Likichukua sekunde kumi, mto unaenda mita moja kwa sekunde. Sasa zidisha kasi hiyo kwa kina cha maji kwa mita. Wataalamu wanaopima mito kwa kazi wana kanuni inayokaribia 0.9: jibu likifika hapo hawaingii, na hao wana vifaa na mafunzo. Kwa mvuvi ninakata kwenye 0.5. Maji ya goti, nusu mita, yakienda mita moja kwa sekunde ni 0.5, umefika mwisho. Maji ya paja, kama 0.7, kwa kasi hiyo hiyo, hapana. Kwenye maji yanayotembea polepole unaweza kufika kiunoni bila shida. Sababu ya ukali huu ni kwamba nguvu ya maji haiongezeki sawa na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokusukuma huongezeka mara nne.

Na kina unachokiona si kina kilichopo. Maji maangavu hupinda mwanga, na hata ukiangalia kutoka juu moja kwa moja, maji ya mita moja huonekana kama sentimita 75. Ukitazama kwa upande kutoka ukingoni, kosa ni kubwa zaidi. Hapo ndipo mkongojo unapofanya kazi yake: unagusa chini kabla ya mguu.

Mwisho, chagua jiwe moja karibu na ukingo ambalo nusu yake iko nje ya maji. Likumbuke. Hilo ndilo kipimo chako cha siku nzima.

Kuingia na kutembea

Ingia upande wa chini wa kidimbwi, kwenye maji mapana ya changarawe. Legeza mikanda ya mkoba ya kifuani na kiunoni ili uweze kuuvua mara moja; mkanda wa weda ubaki umekazwa. Mshipi uwe umekunjwa, na ndoano imefungwa kwenye mpini, kwa sababu kutembea na kurusha ni kazi mbili na hazifanywi kwa pamoja.

Simama ubavu kwa mkondo, ili maji yakutane na upande mwembamba wa mwili. Mkongojo uwe upande wa juu, unakotoka maji, ukiuegemea kidogo. Magoti yapinde. Sogeza mguu wa mbele kwa kuukokota chini, ukitafuta kwa nyayo nafasi kati ya mawe, si juu ya mawe. Ukishaupa uzito, sogeza wa nyuma hadi karibu na wa mbele, usivuke mwenzake. Kisha mkongojo. Kitu kimoja tu kinasogea kwa wakati mmoja, viwili vinakaa. Ukipita kwa kuvusha mguu juu ya mguu, kuna nukta ambapo umesimama kwa mmoja na miguu imesukwa, na mto haukosi nukta hiyo.

Maji yakiwa na nguvu, geuka uso kule yanakotoka, mkongojo mbele yako, uinamie mbele, na utembee kiubavuubavu kama kaa. Elekea ng'ambo kwa mshazari kidogo ukishuka badala ya kupigana na mkondo moja kwa moja. Pumzika nyuma ya kila jabali kubwa. Pale pana maji yaliyotulia.

Ukihisi changarawe zinasombwa chini ya nyayo, au mkongojo unatetemeka mkononi, au unafikiria "hatua mbili tu zaidi", rudi. Rudi kinyumenyume kwa njia uliyokujia, uso bado ukiwa kule maji yanakotoka. Kugeuka mzima katikati ya mkondo huupa mto mgongo wako na nyuma ya magoti, mahali ambapo mguu hukunjika kwa urahisi.

Mkiwa wawili au watatu, mshikane. Mwenye mwili mkubwa akae juu, wengine chini yake kwa mstari unaofuata mkondo, kila mmoja ameshika ukanda wa mkoba wa mwenzake, na wote wavuke pamoja hatua kwa hatua. Wa juu anavunja nguvu ya maji, wa chini wanamshikilia.

Kuna desturi ya kufunga kamba kiunoni na kumpa mwenzako ashike ukingoni. Iacheni. Mtu aliyefungwa akianguka, kamba inakaza, mkondo unampiga kwa nguvu zote, na kile kinachotakiwa kumwokoa kinamshikilia chini ya maji. Kamba hutupwa ishikwe kwa mikono, ili iweze kuachiliwa.

Mto unapopanda

Mvua inayokuua mara nyingi haikunyeshei. Inanyesha kwenye moorlandi, zile nyanda za nyasi kule juu ya msitu, wewe uko kwenye jua, na inakufikia baadaye ikiwa imekusanya vijito vyote. Dalili huja kwa mpangilio fulani: kwanza majani makavu na vijiti vinavyoelea, ambavyo mto umeviokota kwenye kingo zake, kisha maji yanaanza kupoteza uangavu, kuelekea rangi ya chai ya maziwa, kisha sauti inakuwa nzito. Jiwe lako la kipimo likishaanza kuzama, umeshachelewa kidogo.

Toka kwenye dalili ya kwanza. Na toka upande ambao gari lipo, hata kama samaki wako upande mwingine. Ukikuta mto umepanda nawe uko ng'ambo, usijaribu kurudi: panda ukingo, kaa mahali pa juu, washa moto. Mito hii mifupi ya milimani hupanda haraka na mara nyingi hushuka haraka pia. Usiku mmoja wa baridi msituni hauna raha, ila mtu anaupita.

Ngurumo nayo: fimbo ya kuvulia ya kaboni inapitisha umeme. Ukiisikia radi, iweke chini na utoke majini.

Ukianguka

Sekunde za kwanza mwili utavuta pumzi kwa nguvu bila kukuuliza, kwa sababu ya baridi. Ziba mdomo kwa mkono ukiweza, na usihangaike na kitu kingine hadi pumzi irudi; kwa kawaida haizidi dakika moja au mbili.

Achia fimbo. Ya kuvulia, namaanisha. Vua mkoba. Lala chali, miguu mbele ikielekea unakopelekwa, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, magoti yamepinda. Nyayo ndizo zitakazogonga mawe, si kichwa. Piga mikono kama makasia kuelekea ukingo ulio karibu, kichwa kikiwa kimeelekea ukingo huo kwa mshazari.

Usijaribu kusimama. Hapa ndipo watu wazima wenye nguvu wanapopotea. Ukisimama kwenye maji yaendayo kasi, mguu unaweza kuzama kati ya mawe mawili na kunaswa, na mkondo ukakulaza kifudifudi juu ya mguu wako mwenyewe, kwenye maji ambayo hayafiki hata kiunoni. Subiri hadi makalio yaguse changarawe kwenye maji ya kina kifupi, ndipo ugeuke na kutambaa.

Kanuni ya kulala chali ina pingamizi moja, nayo ni mti ulioanguka. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Ukiona huwezi kuukwepa, geuka kifudifudi, ogelea kuufuata kwa kasi, na mara unapougusa ujisukume na kupanda juu ya shina.

Kwa anayebaki ukingoni: mpigie kelele kwanza, kwa jina, umwelekeze. Mnyooshee mkongojo. Mtupie kamba, ukilenga ipite juu yake, wewe ukiwa umekaa chini na miguu imezuia kwenye jiwe. Usiruke. Ndugu au rafiki anayeruka bila jaketi huongeza idadi ya wanaohitaji kuokolewa.

Baridi

Wageni kutoka Mombasa au Nairobi hawaamini kwamba mtu anaweza kuumwa na baridi karibu kabisa na ikweta. Juu kule usiku hufikia karibu na kuganda, na maji ya mto hayapati joto kwa siku moja. Mwangalie mwenzako: akianza kutetemeka, atoke apumzike. Vidole vikishindwa kufunga fundo alilolifunga asubuhi bila shida, uvuvi umekwisha. Akianza kuburura maneno, au kuacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hiyo ni dharura. Mvue nguo mbichi zote, mvike kavu, mfunge blanketi au mfuko wa kulalia, mpe chai tamu ya moto kama anaweza kumeza vizuri, na mpeleke hospitali. Pombe hapana, hufungua mishipa ya ngozi na kumwaga joto lililobaki.

Tembo, nyati na thabai

Njia nzuri za kushukia mtoni, zile zilizo wazi katikati ya kichaka, hazikufyekwa na wavuvi. Ni za tembo na nyati. Kelele za maji huficha hatua zako kwao na hatua zao kwako, na mkakutana mita chache. Kwa hiyo kabla ya kushuka au kupanda kila uwazi, simama, piga makofi, ongea kwa sauti, subiri. Kinyesi chenye unyevu na matawi mabichi yaliyovunjwa yanakwambia ugeuke. Dume la nyati lililojitenga na kundi, ambalo hupenda vichaka vya mtoni, ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Askari akisema twende, nenda, hata kama samaki amekwisha kuuma.

Thabai, ule mmea wa majani yanayowasha, itakuwasha, vaa mikono mirefu. Siafu wapo, usiweke nguo kavu chini.

Ndoano na mambo ya mwisho

Bana kwa koleo kile kimwiba cha ndoano kabla ya kuanza, kwa kila flai. Ndoano isiyo na kimwiba hutoka kwenye ngozi kama ilivyoingia, na samaki mdogo unayemrudisha naye anapona. Iliyoingia jichoni au karibu nalo usiiguse: kata mshipi, funika bila kugandamiza, nenda hospitali.

Ukishatoka, mpigie uliyemwachia ratiba mara tu simu ikipata mtandao, kabla ya kuhesabu samaki. Waage pia wa getini ili jina lifutwe. Viatu vyenye zulia au felti vioshe na kuvikausha juani hadi ndani kabisa kabla ya kuingia mto mwingine, maana nyuzi hubeba mwani na vimelea kutoka bonde moja hadi lingine. Kagua soli, kagua kamba ya mkongojo, na kama fundi anahitaji kubandika upya, mpelekee wiki hiyo hiyo.